SOMO: Vankomisini ya mshipa, kuanzia kichupa hadi mgonjwa

Wakuu, swali la "gramu moja naipitisha kwa muda gani" nimelijibu hadi nimechoka. Naliandika hapa mara moja. Vankomisini ni antibiotiki, dawa ya kuua bakteria. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Somo ni la wauguzi, wafamasia na wanafunzi wa wodini, kwa mgonjwa mtu mzima ambaye daktari ameshamwandikia dawa. Si la kujitibu nyumbani.

1. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza.

2. Pima uzito, uliza mzio, angalia kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi). Figo zikiwa nzima, dozi ya kawaida ni mg 15 hadi 20 kwa kila kilo, kila saa 8 hadi 12. Figo zikiwa dhaifu, daktari apange upya.

3. Kichupa cha mg 500 kiyeyushe kwa ml 10 za maji ya sindano, cha gramu 1 kwa ml 20.

4. Ongeza kwenye dripu ya chumvi 0.9% au glukosi 5%. Isizidi mg 5 kwa ml: mg 500 inataka angalau ml 100, gramu 1 angalau ml 200.

5. Suuza kanula kwa chumvi kabla na baada. Usiipitishe pamoja na seftriaksoni, piperasilini-tazobaktamu wala heparini. Zikikutana huweza kufanya chengachenga ndani ya mpira.

6. KASI. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wanaharibu kwa haraka tu. Isizidi mg 10 kwa dakika, na isipungue dakika 60 hata dozi ikiwa ndogo. Gramu 1 ni dakika 100 kwenda juu, gramu 1.5 ni dakika 150. Huna pampu? Hesabu matone. Mfuko wa ml 250 ukijumlisha na ml 20 za kuyeyushia ni ml 270. Kwa saa 2, seti ya matone 20 kwa ml, ni matone 45 kwa dakika. Kisha rudi uhesabu tena, maana mgonjwa akikunja mkono au akigeuka, matone hubadilika.

Ukiikimbiza, seli za mwili humwaga histamini. Mgonjwa anawashwa usoni, shingoni na kifuani, ngozi inapata joto, presha inaweza kushuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo usingoje rangi: muulize kama anawashwa, mtazame anavyojikuna shingo. Ikitokea, FUNGA dripu, pima presha, mwite daktari. Mara nyingi hupewa dawa ya kuzuia histamini, na dalili zikiisha dripu huanza tena kwa nusu ya kasi. Akibanwa kifua au midomo ikivimba, hiyo ichukulie kuwa anafilaksia (mzio mkali unaoweza kuua): adrenalini kwanza.

7. Kagua mshipa. Dawa hii inachoma. Ikivuja nje ya mshipa inaweza kuozesha nyama.

8. Fuatilia mkojo, kreatinini na kiwango cha dawa kwenye damu, hasa akiwa pia anapata jentamisini, antibiotiki nyingine inayoweza kudhuru figo.

MASWALI

Mwendokasi: Sijasoma yote, niko zamu. Gramu 1 naweza kuisukuma kwa bomba la sindano dakika 10?

Jibu: Hapana. Presha inaweza kuanguka ghafla, hata moyo kusimama. Soma namba 6 kabla hujamgusa mgonjwa.

Mkongwe: Sisi tunapitisha nusu saa miaka yote, hakuna aliyedhurika. Unatisha vijana.

Jibu: Mkuu, mgonjwa anayejikuna saa nane usiku mara nyingi hakuna anayemwandika. Kasi niliyotaja si ya kwangu, imo kwenye maelekezo ya dawa yenyewe.

Dada Zamu: Mgonjwa wangu aliwashwa, faili likaandikwa "aleji ya vankomisini". Ndiyo basi, hataipata tena?

Jibu: Asante kwa swali hili, dada. Mara nyingi hiyo si aleji ya kweli, ni kasi. Andikeni kilichotokea: dozi, muda wa dripu, dalili, alivyopona. Neno "aleji" likibaki peke yake, siku akipata MRSA (bakteria Staphylococcus sugu kwa dawa za jamii ya penisilini) atanyimwa dawa inayomfaa.

Mwanafunzi: Kwa nini haigusi bakteria kama E. coli?

Jibu: Molekuli yake ni kubwa, haipenyi utando wa nje wa bakteria hao. Kwa wasio na utando huo, inang'ang'ania vipande vya kujengea ukuta, hivyo ukuta haukamiliki. Enterokoki (bakteria wa utumbo) walio sugu wamebadilisha ncha ya kipande hicho, dawa haishiki vizuri. Na Staphylococcus ambaye si sugu, kloksasilini humpiga vizuri zaidi. Tukimwachia vankomisini kwa uvivu, tunaichosha bure.

Mdadisi: Ni kweli ilitoka kwenye udongo?

Jibu: Kweli, udongo wa Borneo, miaka ya 1950, Marekani iliidhinishwa 1958. Za mwanzo zilikuwa na uchafu wa kahawia hadi zikaitwa "matope ya Mississippi".

Mfamasia: Nyongeza: ya mshipa haitibu kuhara kunakoletwa na bakteria C. difficile, haifiki utumboni ya kutosha. Hapo hunyweshwa.

Jibu: Umenikumbusha, mkuu. Damu ya kupima kiwango ichukuliwe mkono usio na dripu, muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, na saa iandikwe kwenye chupa. Bila saa, jibu la maabara halisomeki.