Kupanga mafaili ya usanifu pale programu inapokuacha mwenyewe

Ukifungua Illustrator, programu ya Adobe ya kuchora, asubuhi, unaonyeshwa vijipicha vya kazi ulizogusa karibuni, basi. Hakuna pa kuiambia "nipe kila kitu cha harusi ya Machi". Hakuna pa kuona prova (nakala ya kumwonyesha mteja) ipi ilikwenda kwa mteja na ipi ilibaki kwako. Photoshop, ya picha, ni vivyo hivyo. Ndipo yanapozaliwa "kadi mpya.ai", "kadi ya mwisho.ai" na "kadi ya mwisho KABISA.ai", zote tatu zikiwa zimetandazwa kwenye Desktop, na siku ya kuchapa inapelekwa ile yenye jina la ukumbi lililokosewa.

Programu hizi zimetengenezwa kuchora, na kazi ya ukarani zimekuachia. Unaweza kuifanya kwa namba, majina na folda chache. Maelezo haya yanamlenga anayetengeneza kadi, mabango, fulana na lebo kwenye kompyuta ya Windows. Wa Figma na Canva, programu za usanifu za mtandaoni, wana sehemu yao huko chini.

Kanuni ya kushika kabla ya zote: mpangilio ukae ndani ya jina la faili. Folda haisafiri. Faili likitumwa kwa barua pepe au likinakiliwa kwenye flashi, linaacha folda yake nyuma na kubaki na jina tu.

Namba ya kazi

Kila kazi ipewe tarakimu tano: mbili za mwaka, tatu za mfuatano. 25041 ni kazi ya 41 ya mwaka 2025. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye kitabu cha oda na kwenye risiti ya malipo ya awali, ili mteja akirudi na risiti yake baada ya miezi minane usianze kukumbuka sura. Tumia tarakimu tatu za mfuatano hata kama hufikishi kazi 100 kwa mwaka. Windows inajua kwamba 9 inatangulia 10, lakini programu nyingine hupanga herufi kwa herufi, na hapo 10 itakaa mbele ya 9.

Folda ya kazi iwe hivi:

D:\KAZI\2025\25041_harusi-asha-juma

Tunaiweka kwenye D, kama diski yako imegawanywa, kwa sababu kompyuta ikipigwa Windows upya kinachofutwa kwa kawaida ni C, na Desktop na Downloads zote ziko C. Ndani yake tengeneza folda tano:

- 01_mteja: kila kitu alicholeta kama kilivyo, maandishi, nembo, hata picha ya kadi aliyoipenda ya mtu mwingine
- 02_picha: picha zilizosafishwa na kupewa majina, tayari kuingizwa kwenye kazi
- 03_kazi: mafaili ya AI (Illustrator), PSD (Photoshop) au CDR (CorelDRAW)
- 04_prova: JPG na PDF zilizokwenda kwa mteja
- 05_kuchapa: kilichopelekwa kwenye mashine, na hakuna kingine

Tengeneza folda moja tupu yenye hizo tano, iite _KIOLEZO, kisha uinakili kila kazi inapoingia. Usiongeze ya sita hadi uwe umeikosa mara tatu. Folda nyingi zenye kitu kimoja kimoja zinachosha kuliko kutokuwa na folda kabisa.

Jina la faili

Mfano: 25041_mwaliko-dabo_v03.ai. Namba ya kazi, ni kitu gani, toleo la ngapi. Harusi moja ya Dar es Salaam inaweza kuwa na kadi ya mchango, kadi ya sendofu, mwaliko wa singo (mtu mmoja), mwaliko wa dabo (watu wawili) na bango la ukumbini, kwa hiyo neno la katikati ndilo litakalokuokoa. Tumia kistari, si nafasi. Mkwaju haukubaliki: Windows inakataa alama hizi katika jina, \ / : * ? " < > |, hivyo "singo/dabo" haitahifadhika. Majina yawe mafupi pia, maana Windows kwa kawaida hukomea herufi 260 kwa anwani nzima ya faili, folda zote zikiwemo. Ukizidisha, kunakili kunagoma njiani kwa ujumbe usioeleweka.

Tarehe, pale inapohitajika, ianze na mwaka: 2025-03-09. Ukianza na siku, tarehe 9 za miezi yote zitajikusanya pamoja.

Bango ulilochora kwa kipimo kilichopunguzwa liandike hivyo kwenye jina: 25052_bango-3x2m_1-10_v02.ai. Faili lenyewe halimwambii mwenye mashine kwamba sentimita 30 anazoziona zinatakiwa kuwa mita 3, na yeye hatauliza.

Namba ya toleo inapanda lini? Pale tu faili linapotoka mkononi mwako. Ukihifadhi mara hamsini kabla mteja hajaona, bado ni v01. Ukishamtumia prova, v01 imefungwa: hifadhi kama v02 ndipo uanze marekebisho. Maneno "mpya", "mwisho" na "sahihi" yasionekane kwenye jina lolote. Kilichokubaliwa kinajulikana kwa kuwa kimo ndani ya 05_kuchapa.

Kuna mtego kwenye prova. Ukiituma WhatsApp kama picha, jina la faili linapotea, na mteja atakujibu "ile ya juzi ndiyo nzuri". Weka leya (tabaka) ya juu kabisa iitwayo NAMBA, uandike "25041 mwaliko-dabo v03" kwa herufi ndogo pembeni, ndani ya eneo linaloonekana. Yeye atakutajia namba. Kabla ya kutoa PDF ya kuchapa, zima jicho la leya hiyo. Kuisahau ni rahisi mno, kwa hiyo ipe rangi ya waridi kali isiyoweza kupita bila kuonekana.

Picha zinazopotea

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Ukiingiza picha Illustrator kwa "Place" huku "Link" imewekewa tiki, picha haiingii ndani ya faili. Kinachoingia ni anwani yake na taswira ya kuonea. Ukiihamisha picha, ukiibadilisha jina au ukisafisha Downloads, siku ya kufungua utaambiwa haipatikani. Usikimbilie kubonyeza "Ignore", maana kazi itafunguka bila picha hiyo, na kwenye kadi yenye vitu vingi unaweza usigundue. Bonyeza "Replace", uionyeshe ilipo.

Picha za wateja huja na majina ya WhatsApp: IMG-20250309-WA0007.jpg kwenye Android, au "WhatsApp Image 2025-03-09 at…" kwenye kompyuta. Majina haya hayasemi chochote. Fuata mpangilio huu, bila kuuruka:

1. Mwambie mteja atume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha, WhatsApp huibana na maelezo yanapotea. Kwenye bango itaonekana vibaya.
2. Hifadhi ya asili kwenye 01_mteja, usiiguse tena.
3. Nakili kwenye 02_picha na ubadilishe jina: 25041_bibi-harusi_01.jpg.
4. Ndipo uiingize kwenye kazi.

Hatua ya tatu ikifanywa baada ya ya nne, linki inakatika.

Kupachika picha moja kwa moja, kwa "Embed", kunaondoa wasiwasi wa linki lakini faili linavimba. Kwa nembo na picha ndogo za kadi, pachika. Kwa bango lenye picha kubwa nne, acha linki.

Kazi ikikubaliwa, tumia "Package", iliyo kwenye menyu ya File (Ctrl+Alt+Shift+P). Hifadhi faili kwanza, bila hivyo haiendelei. Itatengeneza folda yenye nakala ya AI, folda ya Links, folda ya Fonts na ripoti ya maandishi. Ielekeze ndani ya 05_kuchapa. Folda hiyo ikihamishwa nzima, linki zake hufuata. Ukimtumia mwenzako faili la AI peke yake umemtumia ganda. Fonti zilizowashwa kutoka Adobe Fonts hazinakiliwi na Package. Kwa nakala ya kuchapa, geuza maandishi kuwa michoro kwa "Create Outlines" (Ctrl+Shift+O) kwenye faili la pembeni, kamwe si kwenye lile la 03_kazi, kwa sababu baada ya hapo hutaweza kusahihisha hata herufi moja.

Photoshop nayo ina Package, lakini inakusanya tu vitu ulivyoingiza kwa "Place Linked". CorelDRAW ina "Collect for Output" kwa kazi hiyo hiyo. Kwa Corel ongeza na toleo la programu kwenye jina, kwa sababu toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya. Ukijua mwenye mashine ana la zamani, chagua toleo lake kwenye dirisha la "Save As".

Punguza idadi ya mafaili

Singo na dabo hazihitaji AI mbili. Ziweke kwenye faili moja, atibodi (kurasa za kuchorea) mbili, na uzipe atibodi majina kwenye paneli ya Artboards. "Export for Screens" (Ctrl+Alt+E) hutumia majina hayo kuwa majina ya mafaili, hivyo atibodi iliyoachwa "Artboard 1" itakuzalia "Artboard 1.jpg" isiyo na baba wala mama.

Kwenye Photoshop kuna Layer Comps: PSD moja inakumbuka hali kadhaa, mfano fulana nyeupe, nyeusi na ya bluu. Washa leya unazotaka, bonyeza kitufe cha comp mpya, ipe jina. Kinachokumbukwa ni leya ipi inaonekana, ilipo na mitindo yake. Maneno yaliyomo hayakumbukwi. Ukitaka maandishi mawili tofauti, tengeneza leya mbili za maandishi na uzime moja.

Kutafuta: Adobe Bridge

Windows haionyeshi taswira ya ndani ya AI na PSD bila nyongeza, na hili linaudhi kuliko yote. Bridge, programu ya Adobe ya kuvinjari mafaili, inaonyesha, na haihitaji kulipia, ni akaunti ya Adobe tu. Ukiona AI imebaki alama tupu hata humo, huenda ilihifadhiwa bila tiki ya "Create PDF Compatible File". Tiki hiyo huongeza uzito wa faili, lakini iache.

Kubadilisha majina ya picha 60 kwa mpigo: zichague, Ctrl+Shift+R. Rangi za alama zitumie kama hali ya kazi. Ctrl+8 ni kijani, iwe iliyokubaliwa, na Ctrl+7 ni njano, iwe inayosubiri jibu. "Collections" hukusanya mafaili ya folda tofauti mahali pamoja bila kuyahamisha. Mabango yote ya shule, kwa mfano, yanaonekana pamoja huku kila moja likibaki kwenye kazi yake. Tahadhari ni ile ile: ukibadilisha jina la picha ndani ya Bridge, linki ya Illustrator inakatika kama kawaida.

Figma na Canva

Figma ina timu, ndani yake projekti, ndani yake mafaili, na hapo ngazi zimeisha. Projekti haiingii ndani ya projekti, na Drafts ni rundo moja. Namba ya kazi mwanzoni mwa jina la faili inasaidia hapa kuliko popote. Ndani ya faili, ipe kila ukurasa namba: 01 Mawazo, 02 Skrini, 03 Makabidhiano. Mpango wa bure una kikomo cha kurasa; ukikifikia, gawanya ukurasa kwa "Section" (Shift+S). Majina ya vijenzi (components, vipande vya kutumia tena) yaandikwe kwa mkwaju, mfano kitufe/kikubwa/kijani, na paneli ya Assets itayapanga kama folda. Tengeneza fremu moja yenye jina la kazi kwa herufi kubwa, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Set as thumbnail". Kazi ikiisha, "Save local copy" itakupa .fig ya kuweka kwenye 03_kazi. Maoni na historia ya matoleo hayaingii humo.

Canva ina folda, ila inakujazia "Untitled design" na "Copy of". Badilisha kichwa cha kazi kabla ya kupakua, kwa kuwa faili linalopakuliwa huchukua kichwa hicho.

Rundo la zamani

Usilipange. Wiki nzima ya kupanga kazi za 2021 hailipwi na mtu. Lakini usiisafishe Downloads kwanza: fungua kazi ambazo bado ziko mezani, zifanyie Package kila moja, maana picha zake huenda bado zinaishi humo. Kisha hamisha Desktop na Downloads zima zima kwenye D:\KAZI\_ZAMANI. Ukihitaji kitu, tafuta humo kwa *.ai au *.psd. Mteja wa zamani akirudi, kazi yake ndiyo inapewa namba ya mwaka huu na folda mpya. Linki zitakazokatika unazirekebisha siku hiyo, na ni za kazi hiyo tu.

Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje, kila Ijumaa, folda nzima ya mwaka. Flashi za FAT32 (mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili) hukataa faili moja linalozidi GB 4, na Windows husema faili ni kubwa mno hata kama flashi ina nafasi. Ifomati upya kwa mfumo wa exFAT baada ya kutoa vilivyomo. Na usifungulie kazi kwenye flashi. Nakili kwenye diski, fanya kazi, kisha rudisha.