SOMO: Jinsi ya kununua kahawa bila kumnyonya mkulima mdogo

Wadau, hili ni la wote, uwe unanunua pakti moja ya kunywa nyumbani au magunia ya kukaanga na kuuza.

Hatua ya 1: Soma pakti. Ukikuta jina la nchi tu hapo hujaambiwa kitu, tafuta jina la chama cha ushirika na msimu wa mavuno.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe: uliza mkulima kalipwa ngapi. Wengi watakutajia bei ya bandarini, ila humo ndani kuna usafiri, kukoboa, makato ya chama na faida ya dalali, sasa wewe ng'ang'ania bei ya shambani, na uulize ni kwa kilo ya nini, maana zinahitajika kama kilo 6 za matunda mabichi kupata kilo 1 ya buni iliyokobolewa, kwa hiyo namba bila hiyo habari haina maana kabisa.

Hatua ya 3: Kalipwa lini? Matumizi ya mkulima ni mwaka mzima ila mavuno yana msimu wake, akibanwa na ada au mbolea anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Hii inaumiza sana. Kama unachukua mzigo mkubwa toa sehemu ya pesa kabla ya mavuno.

Hatua ya 4: Rudi msimu ujao. Mche unachukua miaka 3 hadi 4 kuanza kuzaa, nani atapanda kwa ajili ya mteja wa mara moja?

MASWALI

Swali: Nembo ya Fairtrade (ile ya biashara ya haki kwa mkulima) si inatosha?
Jibu: Inasaidia, hasa soko likianguka. Tangu Agosti 2023 kahawa yenye nembo hiyo ya aina ya arabika iliyooshwa (iliyomenywa na kusafishwa kwa maji) haitakiwi kununuliwa chini ya dola 1.80 kwa pauni ya uzito (kama gramu 454), na juu yake senti 20 za maendeleo ya wakulima. Ila hela inapitia kwenye ushirika kwanza, na si lazima kahawa yao yote ipate mnunuzi wa nembo, inayobaki inaenda soko la kawaida. Kwa hiyo hatua ya 2 iko palepale.

Swali: Bei ikipanda New York, kwenye soko linaloongoza bei ya arabika duniani, mkulima si anafaidi?
Jibu: Aliyeshauza mapema hapati kitu, anafaidi aliyeshika mzigo, labda kama chama chake kina malipo ya pili, yaani nyongeza anayopewa mkulima chama kikishauza.

Swali: Muuzaji akikataa kujibu?
Jibu: Mwandikie tena umuulize jina la ushirika peke yake. Hilo nalo akishindwa, hamia kwa mwingine na umwambie sababu.