Namna ya kuandika fitina za wake wa Sultani katika tamthilia ya kihistoria

Kabla hujaandika hata kijembe kimoja, chora jedwali la watoto wa kiume. Safu nne zinatosha: mama, mtoto, umri wake mwaka hadithi inapoanza, na mkoa anaotawala pamoja na umbali wake kutoka Istanbul. Mwandishi anayeruka hatua hii huishia na warembo wanaokodoleana macho ukumbini, na kufikia kipindi cha kumi wivu wenyewe umeshachuja.

Sababu ni hii. Katika kasri la Dola ya Uthmaniya karne ya 16, kilichogombewa kikubwa kuliko mume ni uhai wa mtoto. Watoto wote wa kiume wa Sultani walikuwa na haki ya kutawala, na Sultani wa zamani, Mehmed II, alishaacha kanuni inayomruhusu atakayeshika kiti kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike. Mwaka 1595 Mehmed III aliitumia kuwaua ndugu zake 19. Kwa hiyo mama anapomtazama mtoto wa mwenzake akipanda farasi vizuri, anachokiona ni kamba shingoni mwa wa kwake. Ukilielewa hilo hutahitaji kumfanya mtu yeyote mchawi.

Tuchukue enzi ya Sultani Süleyman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na wahusika wanajulikana. Jedwali linasema hivi: Mahidevran ana Mustafa, aliyezaliwa 1515. Hürrem anaanza na Mehmed mwaka 1521, kisha wanafuata Mihrimah, ambaye ni binti, na wavulana Selim, Bayezid na Cihangir. Hapo hapo hadithi imeshajiandika nusu. Mahidevran ana mtoto mmoja mkubwa, anayependwa na askari, na akifa yeye basi mama kaisha. Hürrem ana wengi, lakini wote ni wadogo, na hata wakishinda watabaki kuuana wenyewe kwa wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa: Selim na Bayezid walipigana karibu na Konya mwaka 1559, na Bayezid akauawa uhamishoni Uajemi mwaka 1561. Weka kivuli hicho mapema. Onyesho la watoto wawili wa Hürrem wakigombea upanga wa mbao, mama akicheka na mjakazi mzee akikaa kimya, linafanya kazi kubwa kwa nusu ukurasa.

Nani ni mke hapa?

Kosa linaloharibu muswada kuliko yote ni kuwaita wote wake. Wengi walikuwa masuria, watumwa walionunuliwa au kutekwa. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Hilo tu lilimpandisha ngazi. Desturi ya kasri nayo ilikuwa kwamba suria akishazaa mtoto wa kiume, harudi tena kitandani kwa Sultani. Kazi yake inakuwa kumlea mtoto huyo na siku moja kufuatana naye mkoani. Mama mmoja, mwana mmoja.

Hürrem aliivunja desturi hiyo kwa kuzaa tena na tena, na mwaka 1534 au karibu na hapo Süleyman akamwoa kabisa, jambo lililowashtua watu wa Istanbul. Basi hasira ya Mahidevran iandike kama hasira ya mtu aliyefuata sheria akaona mwingine anazikanyaga na anazawadiwa. Ni hasira yenye haki ndani yake. Mtazamaji akimwona ni mwanamke mwenye kijicho tu, umempoteza mhusika wako bora.

Ndoa hiyo isiandikwe kama ushindi wa mapenzi peke yake. Hürrem alipata cheo cha haseki, yaani kipenzi rasmi wa Sultani, na posho iliyofika akçe 2,000 kwa siku, sarafu ndogo za fedha za dola hiyo. Pesa ndiyo inayonunua masikio. Anayeandika fitina bila kuonyesha mfuko unatoka wapi anaandika ngano.

Milango na wenye funguo

Hatua ya pili ni ramani. Tamthilia nyingi huwaweka wote ndani ya Topkapı tangu siku ya kwanza. Mwanzoni mwa utawala wa Süleyman wanawake walikaa hasa Kasri la Kale, sehemu nyingine ya mji, na Sultani alifanya shughuli za dola katika Kasri Jipya, ndiyo Topkapı. Hürrem akaja kuhamia huko karibu na mume. Huo ni mtaji kwako: kuhama kwake ni silaha kubwa kuliko kikombe chochote cha sumu, maana aliyebaki Kasri la Kale anapata habari zikiwa zimepoa.

Chora milango. Kwa kila mlango andika nani anaulinda, analipwa na nani, na anamwogopa nani. Matowashi wanaingia na kutoka. Wajakazi wanafua, wanapika, wanasikia. Juu yao wote yuko mama wa Sultani. Hafsa, mama yake Süleyman, ndiye mizani ya nyumba hadi alipofariki Machi 1534. Akiwapo, ugomvi una mtu wa kuuzima. Mabalozi wa Venice walisimulia kwamba Sultani na mama yake waliletewa wasichana wawili wa Kirusi, mmoja wa mama na mmoja wa mwana, na mama naye akampa mwanawe wa kwake. Hürrem akajitupa chini akilia. Hafsa akajuta, akamchukua msichana wake na kumtoa kwa afisa wa mkoani, na Sultani naye akakubali kumtoa wa kwake. Tazama jinsi onyesho hilo linavyojieleza: kilio kimoja mahali panapofaa, na mama mkwe anarudi nyuma. Kifo cha Hafsa kiweke mwisho wa msimu wa kwanza. Kuanzia hapo hakuna mtu mzima nyumbani.

Kuisuka hila moja, hatua kwa hatua

Hila inayosimama ina vitu vitano: anachokitaka mtu, mlango atakaopitia, mbebaji, kisingizio kitakachomlinda akikamatwa, na kitu kidogo alichokisahau. Kimoja kikikosekana mtazamaji ataona mkono wa mwandishi. Kinachokosekana mara nyingi ni mbebaji. Barua haijipeleki.

Mfano mzuri kuliko wote hauna sumu wala barua. Balozi wa Venice, Bernardo Navagero, aliuandika mwaka 1553. Hakuwamo ndani na tukio lilikuwa la zamani, kwa hiyo uchukue kama kisa kilichopita midomo mingi. Mahidevran alimvamia Hürrem, akamng'oa nywele na kumparura uso, huku akimwita msaliti, nyama ya kununuliwa, unataka kushindana na mimi. Baadaye Sultani akamwita Hürrem. Hürrem akakataa kwenda. Alituma jibu kwamba yeye ni nyama ya kununuliwa, uso umeharibika na nywele zimeng'olewa, hastahili kuonekana mbele yake. Sultani alipomuuliza Mahidevran, huyu akakiri, akasema hata hiyo ni kidogo, na kwamba wanawake wote wampishe yeye aliyetangulia. Akapoteza mapenzi yote ya Sultani siku hiyo.

Ligawe hivi, ukihesabu ukurasa mmoja wa muswada kuwa kama dakika moja kwenye skrini. Ugomvi kurasa mbili, usizidishe. Kisha chumbani ukurasa mmoja: mjakazi analeta dawa ya kupaka, Hürrem anaisogeza pembeni kwa kidole, anajitazama kwenye kioo. Haneni neno. Ukimpa mstari hapo wa kueleza anachopanga umeua onyesho linalofuata. Kisha towashi na wito, ukurasa mmoja na nusu, na hapa ndipo hila inapogeuka, maana tusi la adui linakuwa udhuru wake. Towashi mbele ya Sultani, ukurasa mmoja: analazimika kulirudia neno “nyama” mbele ya bwana wa dola, na kigugumizi chake ndicho kinachouza onyesho. Mwisho Mahidevran anaitwa, kurasa mbili na nusu. Mpe maneno mazuri, mpe ukweli wote. Ukweli huo ndio unaomwangusha.

Waongozaji hupenda kumleta Hürrem mbele ya Sultani mapema, analia, muziki unapanda. Kataa. Nguvu ya hila hii iko katika kutokuwapo kwake. Halafu kuna tatizo la vipodozi: mkwaruzo wa kipindi hiki usipotee kipindi kijacho. Kwenye kichwa cha kila onyesho andika siku ya ngapi tangu ugomvi, ili mpaka vipodozi ajue lini ni wekundu, lini kigaga, lini mstari mweupe. Maonyesho hayapigwi kwa mfuatano, na bila namba hizo utaona kovu linatoka shavu la kulia kwenda la kushoto.

Sumu itumie mara moja kwa msimu, ikibidi. Chakula cha Sultani kilikuwa na waonjaji, na iliaminika kwamba vyombo vya kijani vya Kichina, ambavyo Topkapı inavyo vingi mpaka leo, hubadilika rangi vikiguswa na sumu. Kwa hiyo mwenye sumu lazima apite jikoni, kwa mwonjaji na kwenye sahani. Watu watatu wa kununua, na kila mmoja anaweza kusema. Ukiandika unga uliomwagwa kwenye sharubati na mgonjwa akaanguka papo hapo, umejinyima vipindi vitatu vya hofu.

Msimu wa vita, na barua

Sultani alikuwa akienda vitani kwa miezi mingi: Belgrade 1521, Rhodes 1522, Mohács 1526, Vienna 1529. Panga msimu wako kwa safari hizo. Akiwapo, wanawake wanagombea usiku. Akiwa mbali wanagombea habari. Barua za Hürrem kwa Süleyman zimehifadhiwa, na za mwanzo aliandikiwa kwa sababu Kituruki chake kilikuwa bado kichanga. Mwandishi wa barua ni mhusika wa bure ambaye waandishi wengi wanamwacha: anajua kila siri, na anaweza kuongeza neno.

Hesabu siku za barua kabla ya kuandika jibu. Hakuna kinachovunja imani kama mjumbe anayefika Hungaria asubuhi na kurudi jioni.

Umbali nao unaua. Mustafa alikwenda kutawala Manisa mwaka 1533, mama yake akiwa naye, kisha mwaka 1541 akahamishiwa Amasya, mbali zaidi na Istanbul. Mwaka uliofuata Manisa akapewa Mehmed, mtoto wa Hürrem. Sultani akifa, anayefika kwanza mjini ndiye mwenye nafasi. Onyesho la amri hiyo lisomwe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tangazo la kupanda cheo, na kamera ibaki kwa Mahidevran anayehesabu siku za farasi kwa vidole.

Maneno yao

Wenye uke wenza hawatukanani mbele za watu, wanaulizana hali. “Nimesikia mwanao amepona, tulikuwa tumeshaanza kumwombea.” Kijembe kizuri lazima kiweze kusomwa kama dua. Andika kila mjadala mara mbili: kwanza wanachotaka kusema, kisha ufute yote na kuandika wanachoweza kusema huku wajakazi wakiwa wamesimama. Mama wa Sultani humwita mwanawe “simba wangu”. Jina la Sultani tupu lisitoke kinywani mwa suria. Tusi la wazi liwe moja kwa msimu, na liwe na bei, kama lilivyokuwa kwa Mahidevran.

Sultani asiwe mjinga. Mpe sababu yake mwenyewe ya kuamini uongo. Mustafa alipouawa kwa amri ya baba yake karibu na Ereğli, Oktoba 1553, watu wa zama zile waliwanyoshea kidole Hürrem na mkwewe, waziri mkuu Rüstem Paşa, na kulikuwa na kisa cha barua ya kughushi yenye muhuri wa Mustafa kwenda kwa mfalme wa Uajemi. Hata ukiutumia muhuri huo, kumbuka Süleyman alikuwa mzee anayeumwa, askari wanamshangilia mwanawe, na baba yake mwenyewe, Selim I, alimwondoa baba yake madarakani mwaka 1512. Hofu ilikuwapo. Fitina iliikuta tu. Ndiyo maana hila ya kipindi hicho iandikwe ndogo: muhuri, mkono mmoja, hema. Na asiuawe kwa upanga. Damu ya ukoo wa Sultani haikumwagwa, walinyongwa kwa kamba.

Usikate tamthilia hapo. Mahidevran alibaki Bursa akishindwa kulipa pango la nyumba, watumishi wake wakidhihakiwa na kupunjwa sokoni. Hürrem alifariki 1558 bila kumwona mwanawe yeyote akitawala. Kisha Selim, mtoto wa Hürrem, akashika kiti mwaka 1566, na inasemekana ni yeye aliyemnunulia Mahidevran nyumba. Vipindi viwili vinatosha. Cha kwanza ni cha sokoni, mjakazi anarudishiwa chenji pungufu na anaijua hesabu lakini hasemi. Cha pili ni cha hati ya nyumba, na mwanamke mzee anayeuliza mara mbili ni nani aliyetia sahihi.