Kutafsiri "run" bila kumkimbiza mtu

Nafanya kazi ya kutafsiri hapa Kisumu: vijikaratasi vya kliniki, matangazo ya maji, fomu za vyama vya akiba. Neno lililoniaibisha kuliko yote lina herufi tatu tu, nalo ni "run" la Kiingereza, ambalo wengi tulifundishwa kuwa ni "kukimbia". Kwenye kijikaratasi kimoja cha mafua niliandika "mtoto ambaye pua yake inakimbia". Kilikuwa kimeshachapishwa. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akakisoma, akanigeukia: "Sasa mwalimu, hii pua ikikimbia, nani anaifuata?" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Likikushinda usijilaumu sana. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", likiwa na maana 430. Baadaye mhariri wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, akakaa na "run" kwa takriban miezi tisa, akalihesabia maana 645 kama kitenzi peke yake. Hizo hakuna wa kuzikariri. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Lifunike neno kwa kidole

Nasema kidole cha kweli, juu ya karatasi au kioo cha simu. Soma sentensi ikiwa na pengo, kisha lijaze pengo kwa Kiswahili kama unavyoongea nyumbani. "Mtoto, pua yake... tangu Jumatatu." Mama yeyote wa Nyalenda atakujazia kabla hujamaliza: makamasi yanamtoka. Pua yenyewe haifanyi kazi yoyote hapo, makamasi ndiyo yanayotoka. Kosa langu lilikuwa kumwachia Mwingereza achague mtendaji.

Hatua ya 2: Uliza ni nini "kina-run"

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Kikiwa ni maji, yanatiririka. Bomba "liki-run", limeachwa wazi. Mto Nyando "una-run" hadi Ziwa Victoria, nasi tunasema unaingia ziwani au unamwaga maji yake ziwani. Injini inanguruma. Rangi ya nguo je? Nenda soko la Kibuye usikilize wateja wa vitenge. Hakuna anayeuliza kama rangi inakimbia, wanauliza, "Hiki hakitoi rangi?" Umeshapata tafsiri yako, tena bila malipo.

Vitu visivyotikisika navyo Kiingereza huvikimbiza. Ikweta "ina-run" Maseno. Sisi twasema inapita Maseno. Barabara ya Busia inapita hapo hapo, kisha Luanda, Yala na Ugunja. Matatu zenyewe ndizo zinazosogea, lakini hata hizo hatuzikimbizi: zinafanya ruti ya Busia. (Zinavyoendeshwa ni habari nyingine.)

Hatua ya 3: Akiwa ni mtu, uliza ana mamlaka gani

"She runs a hotel in Kondele." Wengi huandika "anaendesha hoteli" na kusonga mbele. Si kosa, ila Kiingereza kimeficha jambo. Je, hoteli ni yake, au ameajiriwa kuisimamia? Kwetu ni tofauti kubwa: "ana hoteli Kondele" na "anasimamia hoteli Kondele" si mtu mmoja, hasa siku mkopo unapodaiwa. Mpigie simu aliyekupa kazi umuulize. Mimi huuliza hata nikionekana msumbufu.

Kwenye siasa, Wamarekani hukimbilia kiti ("run for"), Waingereza husimama kwa ajili yake ("stand for"), sisi tunakigombea au kukiwania. Nadhani sisi ndio tuliosema ukweli.

Hatua ya 4: Tazama vijineno vinavyofuata nyuma

"Run" likifuatwa na "out", sahau mbio kabisa. Sukari imeisha, au imetuishia. Kiswahili hupenda kukitanguliza kile kilichoisha, si mtu aliyeishiwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia "tumekimbia nje ya sukari", na nilimwelewa kwa sababu ya ile pua yangu. "Into" ikiwa kwa rafiki, mmekutana kwa bahati. Ikiwa kwa mti, gari limeugonga. "Over" mara nyingi ni ajali: amegongwa, amekanyagwa.

Hatua ya 5: Kama kweli ni mbio, chagua mbio gani

"Kukimbia" kuna ndugu, na hawafanani. Mfungwa anatoroka. Mwizi aliyeshtuliwa anatoka nduki au anatimua mbio. Mvua ikianza ghafla, watu wanakimbilia chini ya vibanda, na ile -lia inakuambia wanakokwenda. Jihadhari na "kukimbizwa". Mgonjwa hukimbizwa hospitalini, mwizi hukimbizwa na umati, na sentensi isiyotaja mahali itamchanganya msomaji.

Hatua ya 6: Msomee asiyejua Kiingereza

Mimi humsomea fundi viatu jirani yangu. Simwambii ni tafsiri. Akisimamisha sindano na kuniangalia, narudi hatua ya kwanza na kidole changu. Tangu mkasa wa ile pua, hakuna kijikaratasi kinachokwenda kwa mpiga chapa kabla ya kupita kwake.

Jaribu hii sasa: "We are running late, the phone is running low and rain is running down the wall." Yangu ni: "Tumechelewa, simu inakaribia kuisha chaji, na mvua inachuruzika ukutani." Fundi aliipitisha mara moja, ila akataka "inavuja" badala ya "inachuruzika". Nikamwambia kuvuja ni kwa paa. Akasema basi nikaangalie paa kwanza.