Kuinasa fosfati kwenye protini kabla haijabanduka

Protini nyingi ndani ya seli huwa zipo tayari, zimetulia, zikingoja kuamshwa. Kinachoziamsha ni kimeng'enya kiitwacho kinasi: huchukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini. Fosfati ina chaji hasi, kwa hiyo umbo la protini hubadilika na kazi yake huanza au husimama. Edmond Fischer na Edwin Krebs walilibaini hilo huko Seattle miaka ya 1950, wakichunguza kimeng'enya cha misuli kinachovunja glikojeni (akiba ya sukari mwilini), wakatunukiwa Nobel mwaka 1992.

Fosfati hiyo hubanduliwa na vimeng'enya vingine, fosfatesi, navyo huendelea na kazi hata baada ya wewe kuvunja seli. Hapo ndipo majaribio mengi huharibikia. Tuchukue mfano wa ERK, protini inayopeleka habari za ukuaji hadi kwenye kiini cha seli, tupime fosfati iliyo juu yake.

Hatua ya 1. Zinyime seli seramu (majimaji ya damu yenye vichocheo vya ukuaji) usiku kucha ili ERK itulie. Kesho yake weka EGF, kichocheo cha ukuaji kinachoiamsha ERK, kila sahani kwa muda wake: dakika 0, 5, 15 na 60.

Hatua ya 2. Hapa usiwe na haraka ya kusonga mbele, ila mikono iwe myepesi. Muda ukitimia, sahani iende kwenye barafu papo hapo. Mwaga chakula cha seli, suuza kwa bafa baridi (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi), kisha mimina bafa ya kuvunjia seli iliyokwisha kutiwa sodiamu floraidi na sodiamu othovanadeti. Floraidi huzuia fosfatesi za serini na threonini. Vanadeti huzuia za tairosini. Hizo tatu ni asidi amino, vipande vya protini vinavyobandikwa fosfati. Unazihitaji zote mbili, kwa sababu ERK hubeba fosfati kwenye threonini na tairosini. Niliwahi kuacha sahani mezani nikaenda kutafuta tyubu; mstari wa ERK kwenye picha ya mwisho, niliotarajia uwe mweusi, ulitoka kama kivuli, na wiki nzima ikapotea.

Hatua ya 3. Pima kiasi cha protini, chemsha na SDS (sabuni inayokunjua protini) kwa nyuzi 95 dakika 5, pitisha kwenye jeli inayozitenga protini kwa ukubwa, hamishia kwenye utando, karatasi nyembamba inayozishika.

Hatua ya 4. Ziba nafasi tupu za utando kwa albumini ya ng'ombe asilimia 5. Maziwa ya unga yaache: kasini, protini yake, yenyewe imejaa fosfati na inaweza kuuchafua utando mzima.

Hatua ya 5. Weka kingamwili, protini inayoshika shabaha yake tu, kinachotambua ERK yenye fosfati pekee. Utaona mistari miwili, ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 44 na 42. Kisha pima ERK yote, yenye fosfati na isiyo nayo. Bila kipimo hicho huwezi kujua kama fosfati imeongezeka au ulimimina sampuli nyingi zaidi.

Ukiwa bado na shaka, andaa sampuli nyingine bila vizuizi, uitie fosfatesi ya lambda, inayobandua fosfati. Mstari wa ERK yenye fosfati ukibaki palepale, kingamwili chako kinashika kitu kingine, tafuta kingine.