GPS ya Kuwindia Montana: Inunue kwa Sababu ya Mipaka na Baridi

Ikifika Septemba, Mswahili anayeishi Missoula, Montana, au Boise, Idaho, anaona wenzake kazini wakianza kuja na jaketi za madoadoa, na maongezi ya mapumziko yanahamia kwenye elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Anaalikwa, anakubali, kisha anaanza kuulizia vifaa. Missoula imekuwa ikipokea familia za Wakongo tangu 2016, na wapo kati yao ambao nyama ya porini si jambo geni kwao hata kidogo. Mkenya, ambaye nchi yake ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, huenda hajawahi kushika hata manati kwa nia hiyo. Wote wawili wakifika dukani wanasimama mbele ya kabati lilelile la vioo: GPS za mkononi kuanzia dola 150 hivi hadi 600, na muuzaji ambaye kidole chake kinaelekea kwenye ya 600.

Tumalize kwanza habari ya karatasi. Montana, mtu yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 hauziwi leseni ya uwindaji mpaka awe amepita kozi ya usalama ya wawindaji. Na kama uko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na bunduki au risasi isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Hilo kamuulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize jamaa wa zamu ya usiku.

Sasa kifaa chenyewe. Wauzaji hupenda kuzungumzia usahihi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kama kilomita 20,200, na tangu Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya raia, hata kifaa cha bei ya chini kikiwa mahali peupe hukuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache tu. Vingi vya leo vinasoma pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Kasoro hujitokeza kwenye korongo jembamba na chini ya misonobari mikubwa, ambako mawimbi hugonga mwamba kabla ya kukufikia. Huko kifaa kinachopokea masafa mawili, kama GPSMAP 65s au 67 za kampuni ya Garmin, hutulia zaidi. Ni sifa nzuri. Lakini elki ana ukubwa wa ng'ombe. Hahitaji usahihi wa sentimita.

Kinachohitaji usahihi ni mpaka. Magharibi ya Marekani ina ardhi kubwa ya umma, iliyo chini ya Idara ya Misitu na ile idara nyingine ya serikali kuu ambayo wenyeji huiita BLM tu, na mtu yeyote mwenye leseni anaruhusiwa kuwinda katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Tabu ni kwamba katikati yake kuna ranchi za watu. Karne ya 19 serikali iliyapa makampuni ya reli ardhi kwa vipande vya maili moja ya mraba, kimoja kwa kampuni, cha pili kikabaki cha serikali, hivyo hivyo mpaka mwisho, na hadi leo ramani ya kusini mwa Wyoming inafanana na ubao wa drafti. Ukisimama porini huoni ubao wowote. Unaona nyasi, mawe, pengine waya uliolala ambao hata si mpaka.

Ndiyo maana kuna kesi iliyofuatiliwa na wawindaji wote wa huko. Wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka pembe ya ubao huo karibu na Elk Mountain, Wyoming, wakitoka kipande cha umma kwenda kipande kingine cha umma bila kukanyaga udongo wa mwenye ranchi. Waliijua ile nukta ya pembe kwa ramani ya kwenye simu. Mwenye ranchi akawashitaki akidai wamepita kwenye anga ya ardhi yake. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko (yaani kanda ya mahakama) wa 10 iliwapa ushindi wawindaji, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya mwenye ranchi. Lakini usishangilie ukiwa Montana au Idaho: hukumu hiyo inabana majimbo sita ya mzunguko ule, yakiwemo Wyoming, Colorado na Utah. Mamlaka ya wanyamapori ya Montana imeshikilia kwamba kuvuka pembe kwake bado si halali. Tena Montana, kuwinda kwenye ardhi ya mtu kunataka ruhusa yake hata kama hakuna kibao wala rangi iliyopakwa kwenye nguzo. Kusema hukujua hakutakusaidia mbele ya askari wa wanyamapori.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: kifaa hiki kinanionyesha shamba ni la nani? Vingi, hata vya bei kubwa, havionyeshi vyenyewe majina ya wenye ardhi. Kazi hiyo inafanywa vizuri zaidi na programu za simu. Inayotumika zaidi Montana ni onX Hunt, ambayo ilianzia hapohapo Missoula mwaka 2009, zamani ikiuzwa kama kadi ndogo ya kuchomeka kwenye GPS ya Garmin. Jimbo moja ni kama dola 35 kwa mwaka, majimbo yote kama 100. Unapakua ramani ukiwa nyumbani, unaiweka simu kwenye hali ya ndege, na simu inaendelea kukuonyesha ulipo, kwa sababu kupokea mawimbi ya setilaiti hakuhitaji minara ya mtandao.

Basi GPS ya nini kama simu inatosha? Jibu utalipata Novemba, jua likishazama, joto likiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Simu iliyokuwa na asilimia 40 inazima ghafla mfukoni. Ukiiwasha, kioo hakisikii kidole chenye glavu, na ukivua glavu, baada ya dakika chache kidole chenyewe hakisikii. Hapo ndipo kifaa chenye vitufe kinapolipa bei yake. Ukiwa dukani fanya hivi, na usione aibu: nenda na glavu zako nene, zile utakazovaa mlimani, mwombe muuzaji akupe kifaa, kisha jaribu kuweka alama ya mahali ulipo, uipe jina, na uitafute tena kwenye orodha. Kama umeshindwa ndani ya duka lenye joto na taa, gizani hutaweza. Kibonyezo kidogo cha eTrex, zile GPS ndogo za Garmin, kile kinachosukumwa pande nne kwa dole gumba, huwashinda wengi wenye mikono mikubwa. Vitufe vipana vya familia ya GPSMAP ni rahisi zaidi.

Upande wa betri, mimi napendelea kifaa kinachotumia betri mbili za AA. GPSMAP 67 ina betri ya ndani inayokaa hadi saa 180, na hiyo si haba, lakini ikiisha imeisha, labda uwe na pawabanki. AA unabeba nne za akiba kwenye soksi. Ziwe za lithiamu zisizochajiwa, zinazofanya kazi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Zile za alkalaini za dukani hunywea kwenye baridi.

Angalieni pia mtego wa bei. eTrex SE ni rahisi na inakaa na betri muda mrefu ajabu, ila haina ramani: inakupa mshale na nukta kwenye kioo cheusi na cheupe. Kwa kurudi kwenye gari inatosha, kwa kuchagua bonde la kushukia haitoshi. eTrex 22x ina ramani na nafasi ya kadi, lakini dira yake inajua upande pale tu unapotembea, ukisimama, inapotea. 32x ina dira halisi ya umeme na baromita. Kama mfuko unaruhusu moja tu kati ya hizo mbili, ongeza pesa uchukue 32x.

Dira ya mkononi ya kawaida ibebe hata hivyo, ila kumbuka hauko Nairobi, ambako kaskazini ya sumaku na ile ya ramani zinakaribiana sana. Magharibi mwa Montana zinaachana kwa zaidi ya digrii 12 kuelekea mashariki. Usiposahihisha, kwa kila kilomita utakayotembea utakuwa umekosea kwa zaidi ya mita 200. Na mfumo wa ramani kwenye GPS uwe WGS84. Ramani za zamani za karatasi zinatumia NAD27, na katika majimbo ya magharibi tofauti yake inaweza kufika makumi ya mita, inayotosha kukuingiza kwenye ranchi ya watu.

Alama ziwe chache na zenye maana: gari, kambi, mahali ulipopigia risasi, damu ya mwisho uliyoiona, na mzoga. Elki dume ana zaidi ya kilo 300, nyama utaisomba kwa safari kadhaa, na katika nchi yenye dubu hutaki kuutafuta mzoga gizani kwa kubahatisha.

Mwisho ni mawasiliano. GPSMAP 67i, au kile kidogo cha gramu 100 kiitwacho inReach Mini 2, hutuma ujumbe na wito wa dharura kupitia setilaiti za Iridium, kwa ada ya usajili. Anayewinda peke yake asiende bila kimojawapo. Mtu wa dharura utakayemwandikisha awe anayeishi karibu, anayepokea simu na anayejua utaegesha gari wapi. Mama yuko Dar es Salaam, na saa 12 jioni ya Oktoba huku, kwake ni saa 9 usiku. Ila kifaa hicho usikitumie kumwambia mwenzako elki wamepita wapi, kwa kuwa majimbo kadhaa, Montana likiwemo, yanakataza mawasiliano ya namna hiyo wakati wa kuwinda.

Vilivyotumika huuzwa kwa bei nzuri Januari, msimu ukishaisha. Washa kifaa, kiweke nje mpaka kishike setilaiti, bonyeza kila kitufe. Kama ni inReach, muuzaji akiondoe kwenye akaunti yake mkiwa mmesimama hapo pamoja, kabla hujatoa pesa. Asipokiondoa, hutaweza kukisajili kwa jina lako.