Somo: Kutembea Mombasa kwa miguu siku nzima, kuanzia Ngomeni hadi Mama Ngina

Wengi wanaokuja kuiona Mombasa hufika Ngomeni, yaani Fort Jesus, saa sita mchana, jua la utosi, wakapiga picha ya mzinga, wakarudi garini kwenda ufukweni. Kisha wanasema mji hauna kitu. Mji una mambo mengi, ila una saa zake. Somo hili linafuata kivuli: penye uwazi tunapita asubuhi na jioni, na jua likipanda tunaingia vichochoroni, ambako nyumba zimebanana hata jua halifiki chini. Ukishika hilo, hata ukiruka nusu ya vituo, siku yako itakuwa nzuri.

Kabla ya kutoka: vaa viatu au makubadhi yaliyokwisha kuzoea mguu. Beba maji, noti ndogo ndogo, simu yenye pesa, na kitambulisho, kwani kiingilio cha Ngome si kimoja kwa raia na mgeni. Funika mabega na magoti. Mji wa Kale ni makaazi ya watu. Utapita mbele ya milango ambapo kina mama wanaanika nguo na watoto wanakwenda chuoni, yaani madrasa.

Hatua ya 1: Ngomeni, saa mbili asubuhi

Uwepo langoni wakati wa kufungua. Ndani kivuli ni kichache, na ikifika saa tano mawe yote yamepata moto.

Ushauri wangu: usianze na vyumba vya makumbusho. Nenda kwanza ukutani, upande wa bahari, usimame hapo kidogo. Chombo chochote kinachoingia bandari ya kale lazima kipite chini yako. Hiyo ndiyo sababu Wareno waliijenga hapa kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia. Ukishaona mlango wa bahari kwa macho yako, historia iliyobaki inajieleza yenyewe. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani watu walikufa kwa njaa na maradhi wakingoja msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India. Meli moja iliyoletwa kuwasaidia, Santo António de Tanná, ilizama 1697 hapo hapo chini ya ngome. Vitu vilivyoopolewa na wazamiaji mwishoni mwa miaka ya 1970 utaviona ndani. Ndiyo maana nasema bahari kwanza, makabati ya vioo baadaye.

Sasa usogelee ukuta. Ni jiwe la matumbawe, na ukiangalia kwa karibu utaona mafundo ya matumbawe yenyewe, duara zenye mistari iliyotawanyika kutoka katikati, mahali pengine na kipande cha kombe kilichonasa. Kisha uliza ilipo michoro ya ukutani ya Wareno: meli zenye matanga, makanisa, sura za watu, vimechorwa kwa makaa na rangi nyekundu na watu waliokaa lindo wakihesabu siku. Kwangu mimi hicho ndicho kitu chenye uzito kuliko vyote mle ndani, na wageni wengi wanakipita bila kukitazama.

Waomani walipoiteka, baadaye ikawa mikononi mwa Mazrui, ukoo wa watawala wenye asili ya Omani, na mwishoni Waingereza wakaigeuza jela, hadi 1958. UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2011. Jipe saa moja na nusu, usikimbie.

Hatua ya 2: Mahamri na mbaazi

Toka, ingia Mji wa Kale, ule. Mahamri ya moto, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Chagua mkahawa wenye wazee wa mtaa ndani. Usichelewe, kwani mbaazi ni chakula cha asubuhi na sufuria ikikwisha imekwisha.

Hatua ya 3: Ndia Kuu hadi bandari ya kale

Hapa tembea ukiinua macho. Roshani za mbao ziko juu, na mlangoni tafuta nakshi: maua kwenye mlingoti wa kati, mfano wa mnyororo uliochongwa kandokando ya fremu, na juu ya kizingiti mara nyingine maandishi au mwaka. Nyumba nyingine zimetunzwa, nyingine zimebomolewa na kuinuliwa ghorofa za vioo. Inaniuma, na nasema wazi: kila mlango wa zamani unaoondoka Ndia Kuu hauna wa kuchukua nafasi yake.

Utafika msikiti wa Mandhry, ambao kwa mapokeo ulijengwa 1570, wenye mnara mweupe unaochongoka kwenda juu. Asiye Mwislamu autazame kwa nje. Mbele kidogo, karibu na maji, ni nyumba ya Leven, inayoitwa kwa jina la meli ya Kapteni William Owen wa Uingereza. Mwaka 1824 Mazrui walimwomba ulinzi dhidi ya Sultani wa Omani, na bendera ya Uingereza ikapepea Mombasa hadi 1826 tu. Karibu nayo ziko ngazi za kuteremkia baharini. Bandari ya kale iko jirani. Itazame, pumua, endelea.

Hatua ya 4: Marikiti na mtaa wa Biashara, kabla ya adhuhuri

Marikiti, soko lililojengwa 1914, utalijua kwa harufu kabla ya kuliona: iliki, mdalasini, bizari ya pilau. Nunua viungo vizima badala ya vilivyosagwa, vinakaa na harufu yake muda mrefu. Mabuyu ya rangi na achari za watoto utazikuta pembeni.

Kisha mtaa wa Biashara, ambako ukipenda leso (khanga) utapoteza saa nzima, na uipoteze kwa raha. Leso huuzwa jozi, vipande viwili vimeshikana. Mwambie muuzaji akufungulie yote, usinunue iliyokunjwa. Tazama pindo kwanza, kama rangi imelingana pande zote nne. Kisha mji, yaani sehemu ya katikati, kisha usome jina, yaani maandishi yake, kwa makini. Jina ndilo linalosema, na ukimpelekea wifi leso yenye kijembe bila kujua, utakuwa umetuma ujumbe. Ukimaliza, mpe fundi mwenye cherehani nje ya duka. Atakata jozi katikati, akunje ncha kwa kucha bila kupima, na kuipitisha chini ya sindano kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta. Dakika chache, una leso mbili zilizopindwa.

Hatua ya 5: Adhuhuri hadi alasiri, pumzika

Kula pilau, au wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha ukae. Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa sala, basi maliza manunuzi kabla ya saa sita. Usilazimishe kutembea saa nane.

Hatua ya 6: Mama Ngina, kuanzia saa kumi

Kutoka Mji wa Kale ni mwendo wa kama nusu saa, au panda tuktuk kama miguu imechoka. Ufuo huu ulitengenezwa upya 2019, na mibuyu mikubwa ipo bado. Hapa ndipo watu wa Mombasa wenyewe wanapokuja kupunga upepo. Nunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na dafu, ukae ukutani utazame meli za makontena zikiingia Kilindini, karibu kiasi cha kusoma jina ubavuni.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, sisi tunaingia na basi kupitia Lunga Lunga. Tutateremkia Likoni. Si bora tuanze Mama Ngina kwa kuwa ndiyo karibu na feri?*

Ndugu yangu, ramani inasema hivyo, jua linasema vingine. Vukeni feri, mwenda kwa miguu halipi, kisha pandeni tuktuk moja kwa moja hadi Ngomeni. Jioni mtamalizia Mama Ngina mkiwa mmeshakaribia feri ya kurudia. Mkichelewa kufika, anzeni na vichochoro, Ngome muiache hadi saa tisa.

*Mwanachama wa Nakuru: Nakuja na mama, ana miaka sabini na magoti yanamsumbua.*

Mpe mama shikamoo yangu. Ngomeni mtembeze ua wa chini na vyumba vya makumbusho, ngazi za juu ziache. Ndia Kuu tuktuk inapita, kodisha moja ikungojeeni, mshuke milangoni tu. Biashara asikose: muuzaji atampa kiti, na leso zitaletwa mbele yake. Jioni Mama Ngina kuna mahali pa kukaa.

*Mwanachama wa Kisumu: Vijana langoni wanataka kuniongoza. Nikubali?*

Kiongozi mzuri ana faida, hasa vichochoroni. Omba kuona kitambulisho chake cha kazi, mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, na umwambie wazi kwamba hutaki kupelekwa madukani. Akikataa moja kati ya hayo, shukuru uende zako.

*Mwanachama wa Dodoma: Picha zinaruhusiwa?*

Milango na roshani, piga. Watu, omba kwanza, na dada mwenye buibui akigeuza uso, shusha simu. Bandari ya kale muulize askari kabla ya kuinua kamera.

*Mwanachama wa Maskati: Bibi yangu alizaliwa mtaa wa Kuze akaondoka akiwa mdogo. Nina jina la babake tu, sina namba ya nyumba. Nitaipataje?*

Namba haitakusaidia sana hata ungekuwa nayo. Nenda Kuze baada ya sala ya alasiri, wazee wakiwa wametoka msikitini na kukaa barazani na kahawa. Salimia, kaa, kunywa kahawa nao kabla ya kuuliza lolote. Kisha taja jina la babake bibi, na kazi aliyofanya kama unaijua, kwani wazee hukumbuka watu kwa kazi: nahodha, fundi seremala, muuza haluwa. Kama una picha ya bibi, uje nayo. Wasipojua wao, watakutajia ajuza wa mtaa anayejua nasaba, na huko mwende na mwanamke wa nyumba ya jirani akupigie hodi. Tenga jioni nzima kwa jambo hili. Hatua ya 6 iache hadi kesho yake.

*Mwanachama wa Arusha: Mwezi gani mzuri?*

Julai hadi Septemba, upepo wa kusi ukiwa umepoza mji na mvua za masika zimepita. Januari na Februari joto ni kali, basi anza saa moja na nusu na upumzike zaidi mchana. Ukija Ramadhani, usile njiani mchana. Geuza siku yote iwe ya jioni, maana baada ya futari mitaa huamka na viazi karai, kaimati na bajia hujaa mezani nje hadi usiku.